Togwa Isiyolala

Nilisikia mchi kabla sijafungua macho. Ulikuwa ukishuka kwenye kinu kwa mwendo niliouzoea tangu utotoni, mzito, bila haraka. Kabla hata sijakumbuka kwamba nimelala Hasamba kwa mama mdogo, si Tunduma kwenye chumba changu cha kupanga na kelele zake za malori, moyo ulishtuka: anatwanga kimea.

Huku kwetu hakuna anayeuliza kimea cha ulezi kinatwangiwa nini. Mama mdogo alikuwa mpika pombe aliyejulikana hadi Nanyala. Kisha akaokoka, akabatizwa, na mapipa yake akayaweka chini ya paa yakinge mvua. Tangu hapo msimu wa kahawa ukawa mtihani. Ukiita majirani wakuchumie, unawapikia pombe. Ndiyo ahsante, ndiyo heshima. Msimu uliopita hakupika, nao hawakuja. Kahawa nyingi ilikaukia mitini. Sasa matunda yalikuwa mekundu tena, na yeye ni mjane. Nilikuwa nimepanda basi kwenda kumsaidia kwa mikono iliyozoea kalamu.

Nilitoka nje. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mibuni, naye alikuwa akitokwa jasho katika baridi ile.

"Mama, umerudia?"

"Nimerudia nini? Togwa hii. Lete kuni."

Togwa hutumia kimea kilekile. Unapika uji wa mahindi, ukipoa kidogo unatia kimea, na kufika mchana umekuwa mtamu bila sukari. Uji huo ukilala, kesho yake unawasha ulimi. Ukiachwa zaidi, umeshakuwa pombe.

Lakini mchi ule ulikuwa umesikika mbali. Jua lilipopasua ukungu, njia ilijaa watu wenye vikapu waliodhani pombe imerudi, wanaitana kwa Kinyiha, wana furaha ya sikukuu. Mbele yao alikuja shemeji wa mama mdogo, mdogo wa marehemu mume wake.

"Shemeji! Nilisema huyu atapona tu!"

"Karibuni shambani," mama mdogo akajibu, akicheka nao. "Mtakunywa mkiwa na kiu."

Walichuma kwa nguvu sana. Kisha, mchana, kata ya kwanza ya togwa ikamfikia shemeji. Akameza, akasita, akachungulia ndani ya kata.

"Mbona hii ya kuachishia watoto ziwa?"

"Basi kunywa ukue."

Wanawake walicheka mpaka wakashika mibuni. Wanaume wakabeba vikapu vyao. "Tutarudi ikishabalehe!" mmoja akapaza sauti akiwa njiani, na shamba likabaki na sisi wachache. Tulichuma hadi kivuli kikafika miguuni mwa mlima, na bado upande wote wa chini ulikuwa mwekundu.

Jioni shemeji alirudi. Alitukuta jikoni, pipa la togwa iliyobaki katikati yetu. Akaweka kikapu chake chini, akakaa, akaongea kwa upole.

"Usiimwage. Ifunike tu, isukume pale pembeni. Wewe hutakuwa umepika pombe, itajigeuza yenyewe. Ikiiva nakuletea watu wote wale, kahawa inaisha."

Mama mdogo alikuwa ameshika kifuniko. Nilimwona akitazama nje, kwenye mibuni ya chini, na kwa muda sikujua mkono wake utakwenda wapi. Mimi nilikuwa nikiufikiria utakatifu kama nguo nyeupe ya siku ya ubatizo: unavaa, unapigwa picha, imekwisha. Sikujua unaweza kuning'inia hivi, kwenye kifuniko cha pipa.

"Hata mimi ndivyo nilivyo, shemeji," akasema. "Nikifunikwa pembeni, najigeuza mwenyewe."

"Si mnasema mmekuwa viumbe vipya?"

"Nimekuwa. Mchungaji anasema yule mwanamke wa zamani amezikwa, na mimi naamini. Ila asubuhi nikinusa kimea, namsikia anakohoa." Akaweka kifuniko chini. "Akohoe tu. Simpikii tena."

"Na kahawa?"

"Nitachuma. Huyu mwandishi atachuma. Itakayokauka, ikauke."

"Huyu? Atachuma majani!"

Tulicheka sote. Kisha mama mdogo akanipa ndoo, nikachota, nikamwagia nguruwe nyuma ya nyumba mpaka pipa likabaki tupu. Nilijua tunamwaga nini. Niliporudi mama mdogo alikuwa akilisugua kwa majani makavu, akiimba kidogo.

Shemeji alisimama. Kikapu chake alikiacha pale pale, karibu na kinu.

"Kesho unatwanga tena?"

"Natwanga."

"Ya watoto?"

"Ya watoto."

Alitikisa kichwa, akainama chini ya paa, akatoka bila kikapu. Mama mdogo akaufunga mlango nyuma yake.