Waya Ndani ya Unga

Miaka ile ya Zaire nilikuwa nikisimamia chekeche la kiwanda kimoja cha unga wa mahindi, karibu na bandari ya Kalemie. Si chekeche la mkononi. Lilikuwa sanduku la chuma, kubwa kama kitanda, na mota ililitikisa mpaka meno yangu yakagongana. Unga laini ulipita kwenye wavu, pumba zikabaki juu. Wavu ulipochanika, tuliambiwa mwingine utakuja kwa treni kutoka Lubumbashi. Tukasubiri.

Shefu wa kiwanda aliniambia nishone kiraka kwa uzi. Mimi, na ubishi wangu, nikachomoa nyuzi za waya kwenye kebo ya breki ya baiskeli kuukuu, nikapiga mishono minane, kila mshono na waya wake, nikajisifu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi tulifunga kazi mchana. Desturi yetu ilikuwa kwamba unga wa mwisho wa wiki ni wa watu wa chekeche, yaani mimi na mama mwenzangu aliyeshona magunia. Nilikikagua kiraka, kikiwa kizima, kisha tukajaza ndoo zetu mbili. Mwenzangu akaondoka na yake. Yangu alikuja kuichukua mama yangu, akapike.

Nikabaki kusafisha. Kiraka kilikuwa kimeanguka, na waya zote nane hazipo.

Nilipapasa sanduku zima, nikapapasa sakafu. Hamna kitu. Unga wa mashini hauchekechwi tena nyumbani, ndiyo fahari yake. Unatoka kwenye ndoo moja kwa moja hadi sufuriani. Na kwangu kulikuwa na binti wa miaka minne, anayemeza kabla ya kutafuna.

Nilikimbia. Nyumba ya mwenzangu iko njiani. Nilimwona uani akisonga bukari, ugali wetu wa huko, watoto wake wamemzunguka, akanipungia mkono. Nikapita. Ninalisema wazi: nilimwona, nikapita, kwa sababu nilimhofia mtoto wangu kuliko nilivyowahofia wake.

Nyumbani maji yalikuwa yakichemka, unga haujaingia. Nilimpokonya mama ndoo, nikauchekecha unga kwa chekeche la mkononi. Waya tano. Nikarudia mara tatu. Tano tu.

Nikageuka, kurudi kwa mwenzangu. Njia nzima nilitunga maneno, na kila nilipoyatunga niliona kazi yangu ikienda, na shefu akiuliza ni nani aliyeniambia nitumie waya. Nilipofika, walikuwa wameketi, sinia katikati, ndiyo kwanza wananawa mikono.

“Karibu, Mama,” akasema mwenzangu. “Nawa, tukule.”

Niliyoyatunga nikayameza. Nikanawa. Nikaketi kati ya watoto wake, nikala. Nilikata matonge makubwa upande wao, nikatafuta waya kwa ulimi kabla ya kumeza, nikakata tena kabla vidole vyao havijafika. Kijana wake mdogo akaanza kulia.

Mwenzangu akacheka. “Mama, nani amekunyima bukari leo?”

Ndipo kitu kikanichoma kwenye ufizi. Nikakitoa, chembamba, kina damu, nikakiweka kiganjani mwake.

“Usiwape tena,” nikasema. “Zimebaki waya mbili.”

Akawatazama watoto, mmoja baada ya mwingine. Kisha akanitazama mimi.

“Ulipita hapa mbio,” akasema. “Ulikuwa unajua?”