Mwakilishi wa Wafipa

Chama chetu cha wanahistoria hakijawahi kuwa na kiongozi anayeishi nje ya Dar es Salaam, wala hakikuona aibu. Wafadhili walipouliza wanawake na watu wa mikoani wako wapi, ndipo wakubwa walipokumbuka kwamba Sumbawanga ipo. Wakaja kufanyia mkutano mkuu hapa, wamejifunga maskafu kama wagonjwa kwa baridi yetu.

Mwenyekiti, profesa aliyenifundisha na ambaye hajabanduka kwenye kiti tangu wakati huo, alinivuta pembeni wakati wa chai.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Tumekupendekeza uingie kamati kuu. Utawakilisha wanawake na Wafipa."

"Mimi Mnyakyusa, Profesa. Kwetu Tukuyu. Hapa nimeletwa na kazi."

Akacheka. "Si ni huko huko? Nani atajua?"

Na huyo ameandika vitabu kuhusu makabila ya nchi hii!

Nikamwonyesha kwa kidole mwenzangu ninayefundisha naye chuoni, Mfipa wa Mwimbi, aliyetafiti ufuaji chuma wa wazee wake kwa miaka mingi. Kwa nini si yeye?

"Yule mdomo mrefu," akanong'ona.

Jina langu liliposomwa nilisimama, nikakataa, nikampendekeza mwenzangu. Si kwa ujumbe, kwa uenyekiti.

"Majina yameshapitishwa na kamati," profesa akasema.

"Kamati ipi?" mwenzangu akauliza kutoka nyuma. "Iliyokutana kwenye basi mkija huku?"

Ukumbi ukacheka, kura ikadaiwa. Nilidhani tumewapata. Kumbe! Wale wale wa mikoani, waliokuwa wakinung'unika tangu asubuhi, walinyoosha mikono yao kwa profesa huku wakihakikisha anawaona. Ndiye anayewaandikia barua za kupandishwa vyeo. Nilimdharau yeye, lakini wao niliwadharau zaidi.

Jioni picha ya uongozi mpya ilitumwa kwenye kundi letu la WhatsApp. Katikati ya wanaume wenye suti alisimama dada wa mapokezi wa hoteli ya mkutano, amevaa kitenge, anatabasamu kwa adabu. Chini wameandika: "Sura mpya ya chama."

Mwenzangu alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akaitazama picha tena. "Hata jina hawakumuuliza," akasema.

Tulijitoa wiki hiyo hiyo. Siku hizi tunakutana nyumbani kwake na walimu wachache, tunasomeana kazi zetu na kugombana vizuri tu. Mwenyekiti hatuna, na hakuna aliyemuulizia.