Nilimshuku dada wa maabara kaharibu sampuli zangu za nyuki, yaliyonikuta Tabora

Wakuu, salaam. Hii sikuisikia kwa jirani. Ni yangu mwenyewe, na aibu yake ni yangu pia.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa tumbaku, Urambo. Nilikuwa nasoma masters, utafiti wangu ni jeni za splicing.

Kwa wasioijua: seli ikinakili jeni kwenda kwenye RNA, nakala huja na vipande visivyotakiwa. Zipo jeni zinazosimamia kazi ya kuvikata na kuunga vinavyobaki. Ni za kale mno. Binadamu anazo, nyuki anazo, hata tumbaku ya mzee wangu inazo, ila kila kiumbe kazibadili kivyake.

Nilitaka kujua nyuki wadogo wasiouma wamezibadili vipi. Nikawakusanya kijijini Ntalikwa, nikawapeleka maabara moja mjini.

Pale alinisaidia dada Mwanaidi, mtaalamu wa maabara, mzaliwa wa Tabora mjini. Mkimya. Ukimya wenyewe ulinipa mashaka.

Majibu yakaja: jeni ya nyuki wangu inafanana na ya binadamu herufi kwa herufi.

Kufanana kiasi, sawa. Herufi kwa herufi? Hapana wakuu.

Nikakagua tena. Vile vipande vya kukatwa bado vimo, wakati kwenye RNA iliyokamilika huwa vimeshakatwa. Basi hii si RNA ya nyuki, ni DNA ya mtu imeingia.

Mtu gani?

Nikaanza kumchunga Mwanaidi. Akifunga friji, naenda kufungua. Akitoka kupokea simu, nasogea dirishani. Nikakumbuka aliwahi kuuliza kama jina lake litaandikwa kwenye utafiti. Nikajisemea, kumbe ndiyo sababu, ana kinyongo cha jina!

Nikamwandikia msimamizi wangu. Dada akazuiwa kugusa sampuli ya mtu yeyote.

Aliponifuata hakufoka.

"Mdogo wangu, pima mate yangu. Halafu pima na yako."

Nikakubali kwa kiburi. Watu tunatofautiana herufi chache ndani ya vile vipande, kwa hiyo mhusika angejulikana tu.

Alikuwa mimi.

Kule Ntalikwa kifaa cha kunasia kiliziba kwa nta, nikawavuta nyuki kwa mrija mdomoni. Mate yakaingia kwenye chupa. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Nilimweleza msimamizi ukweli, zuio likaondolewa, kisha nikaenda nyumbani kwa Mwanaidi. Nikamwamkia mama yake shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama.

Nikaomba radhi mbele yao.

"Nimekusamehe," Mwanaidi akasema. "Lakini pale sirudi. Hata walioniomba radhi, nikishika chupa wananitazama mikono."

Hakurudi kweli. Sampuli nilikusanya upya, nikamaliza shule. Jina lake nimeliandika kwenye shukrani, na sijui kama aliwahi kulisoma.

Funzo nililopata: shaka ni sehemu ya kazi yetu, ila mimi niliielekeza kwa mwenzangu kabla ya kujikagua mwenyewe.

Aliyewahi kumshuku mtu bure, au kushukiwa, aseme hapa alirekebishaje. Hata wa kunichana, karibuni, nitasoma yote.