Kopo la Vidonge vya Noémie

Kwa ukarimu, mji wetu wa Kamina hauna mpinzani. Waulizeni watu wa Kabongo, hata wao watakubali, ingawa kwa kununa. Na kambini kwa askari ndiyo kabisa: dawa ni kama chumvi, anayenyima ni nusu mchawi. Mbombo, mke wa sajini, alilijua hilo kuliko sala zake. Kwa hiyo binti yake Noémie alipoumwa koo hata bukari, ugali wetu, ikashindwa kupita, munganga Kalonji wa zahanati akampa vidonge vya penisilini, vidonge vile havikuwa vya Noémie. Vilikuwa vya mtaa.

Koo lilipopoa tu, wageni wakaanza. Papy alitaka cha jino. Mzee Matthias alisaga chake, akanyunyizia kidonda cha mguu kama anayetia samaki chumvi. Francine, jirani wa ukuta kwa ukuta, alichukua vya kuku wake aliyekuwa anakoroma. Usicheke. Na weye kopo lako tunalijua.

Kuku alipona. Noémie, baada ya wiki chache, akavimba goti. Goti likapoa, kikavimba kiwiko. “Anarefuka,” majirani wakasema. Kurefuka gani huko, kupanda ngazi za kanisa kunamkata pumzi?

Munganga Kalonji alimsikiliza moyo kwa muda mrefu.

“Mama Noémie, ile kinini, vile vidonge, alimaliza?”

“Koo ilipona, munganga.”

“Miye nauliza kinini.”

Mbombo akahesabu kwa vidole: jino, mguu, kuku.

Kumbe, munganga alieleza, kuna kijidudu, streptokoki, kinachokaa kooni. Usipokimaliza kwa dawa, mwili unapigana nacho na kukosa shabaha kama askari mlevi: unapiga viungo, unapiga moyo wenyewe. Mlango mmoja wa moyo wa Noémie sasa ulikuwa haufungi vizuri. Koo likirudia, utaharibika kabisa. Kinga yake ni sindano ya kila mwezi, miaka na miaka. Lakini sindano zilikuwa zimekwisha, zinangojewa kutoka Lubumbashi. Mpaka zifike, ameze vidonge kila siku, bila kuruka.

Vidonge tena! Mbombo alirudi akilia kwa hasira, hajui amkasirikie nani: sindano zisizofika, mtaa, au mkono wake mwenyewe uliogawa.

Hajafika hata kukaa, Francine huyo mlangoni.

“Yaya Mbombo, dada yangu, nasikia munganga amekupa tena. Unipe mbili tu. Kuku imerudilia kukoroma.”

“Sina ya kutoa.”

“Weye? Na kopo iko mu mukono yako!”

“Hii njo dawa ya moyo ya mutoto yangu, Francine. Kuku, uipike.”

Francine alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akatoka nje akipiga makofi kuita mtaa mzima uje: “Bantu! Mukuye muone muchoyo!”

Kesho yake bombani hakuna aliyemsalimia Mbombo. Ndoo yake ilisukumwa nyuma, ikasukumwa tena, na ilipopata zamu maji yakakatika. Alirudi na maji ya kufunika kitako cha ndoo tu.

“Mama,” Noémie akauliza, “Mama Francine amekasirika?”

“Akasirike.” Mbombo akainamisha ndoo, akachota kikombe kimoja. “Weye meza.”