Belo la Nanjala Mbele ya Kamera

Nanjala anauza makoti ya mitumba kando ya kibanda changu cha viatu, karibu na Woodley. Tumekuwa majirani miaka tisa na sijawahi kumwona akimpunguzia mtu bei kwa sababu ya machozi. Namheshimu kwa hilo.

Siku ya kukata belo, lile furushi kubwa la mitumba lililokazwa kwa kamba, ina sheria yake kwetu. Hakuna kupekua mapema. Kamba zinakatwa mbele ya wateja, na nguo ni ya aliyeishika kwanza, kwa hiyo anayetaka zile safi anadamka. Wateja wa mitaa ya wenye pesa, Kilimani na Spring Valley, walipochoka kudamka, Nanjala hakukaa kulalamika. Alienda katikati ya jiji, akapanda ghorofa ya pili kwa fundi wa kompyuta anayeitwa Sifuna, akarudi naye. Sifuna akafunga kamera ndogo juu ya meza, akaiunganisha na laptopu kuukuu, akatuambia laptopu hiyo sasa ni seva: inachukua picha za kamera, na yeyote mwenye linki anazitazama laivu kwenye brauza ya simu yake. Ukipenda koti, unaandika chini ya video, "Nimeshika." Jina linalotangulia ndilo lenye koti.

Mambo yalienda vizuri hadi Jumanne moja ya Julai, baridi ile ya kukausha vidole. Nanjala alikata belo la kwanza, akainua koti la kijani. Papo hapo likaandikwa jina la Wanjugu, msichana wa ofisi kule Kilimani. Dakika haikuisha, simu ikalia. Alikuwa Anita wa Spring Valley. Nanjala akaweka spika.

"Nanjala, mimi ni mtoto?"

"Madam Anita, sasa? Kwani kumetokea nini?"

"Usiniletee sasa! Hiyo koti ya kijani kwangu ndio inatoka kwa belo saa hii, na Wanjugu ameshaandikwa kitambo. Ameionaje kabla itoke? Unamchagulia jana yake, halafu unakuja kutuchezea sinema."

"Si umeona nikikata kamba?"

"Kamba nimeona. Belo ya pili ikienda hivyo, mimi na majirani zangu watano tunahama."

Hao sita ndio wanaobeba karibu nusu ya kila belo. Nanjala alifunika simu kwa kiganja, akanigeukia. "Maina, umesikia? Naitwa mwizi na makasi iko mkononi."

Mimi huwa siamini lalamiko kabla sijaligeuza nikaona soli yake. Lakini hili lilinikaa kichwani. Nilikuwa nimesimama pale; nilijua hakuna koti lililochaguliwa. Na sauti ya Anita haikuwa ya mtu anayetafuta kupunguziwa bei. Basi wote wawili wanasema kweli? Nikaenda kibandani, nikang'oa saa yangu ya ukutani yenye mshale mwekundu wa sekunde, nikaishika mbele ya kamera.

"Muulize anaona saa ngapi."

Anita akajibu, "Saa nne, dakika kumi na mbili na sekunde kumi. Ni mtihani?"

Mkononi mwangu ilikuwa saa nne na dakika kumi na tatu kamili. Sekunde hamsini! Tukampigia Wanjugu kwa simu yangu. Yeye alikuwa nyuma sekunde sita tu.

Sifuna, tulipompata kwa simu yangu, aliuliza swali moja. "Huyo madam alifungua linki saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi," Anita, bado yuko kwenye spika ya Nanjala, akasema kwa fahari. "Nilitaka kuwa wa kwanza."

Sifuna akacheka. Alieleza kwamba seva inaikata video vipande vya sekunde mbili mbili, na brauza inavichukua kwa foleni. Mtandao ukikwama kidogo, brauza inangoja, kisha inaendelea pale ilipoachia, hairuki mbele. Kwa muda wa saa mbili, vikwamo vidogo vidogo vilikuwa vimejazana, ilhali majina yanayoandikwa hayapangi foleni, yanafika papo hapo. Wanjugu yeye hufungua linki makasi yakiwa tayari hewani.

Yaani Anita alikuwa amefanya kile ambacho mteja yeyote mjanja wa belo hufanya: kuwahi. Na kuwahi huko ndiko kulikomwacha nyuma.

"Madam, funga hiyo page, ufungue upya," Nanjala akamwambia.

Anita akafungua, akasema, "Naona saa nne na dakika ishirini… sekunde tatu." Kwangu ilikuwa sekunde ya tisa. Akavuta pumzi. "Haya. Kata."

Nanjala akakata belo la pili. Jaketi la ngozi likachukuliwa na Wanjugu, jina la Anita likiwa mstari mmoja chini yake. Tukangoja matusi.

"Huyo msichana ana vidole vya nini?" simu ikafoka. "Usisimame, endelea!"

Koti la tatu, la kijivu lenye kofia, likawa la Anita. Alipiga kelele hadi Nanjala akaisogeza simu mbali na masikio yetu.

Siku hizi, kabla ya kukata, Nanjala hupaza sauti: "Fungeni, mfungue upya! Kila mtu aniambie anaona saa ngapi!" Saa yangu imetundikwa nyuma yake. Alitaka nimwachie bure, kwa ujirani. Nikamwambia saa haina ujirani, anipe kamera siku ya Alhamisi niuzie viatu vyangu. Alinipa Alhamisi moja, akaninyima iliyofuata, na mpaka leo tunapokezana hivyo.

Zile sekunde sita bado zinanisumbua. Kila Sifuna akipita namuuliza kama zinaweza kupungua, naye kila mara ananiuliza nitampa kiatu gani.