Kuku wa Boksi

Boksi lilifika Kilosa Jumapili na basi la asubuhi, likaletwa na bodaboda mpaka mlangoni, na Makarius akalichukia kabla halijafunguliwa. Lilikuwa jeupe, limeandikwa kwa herufi za kijani: Mlo wa Watu Wawili. Ndani yake, eti, mlikuwa na chakula cha mchana, kila kitu kimeshapimwa. Kazi ya mpokeaji ni kufuata kadi.

Kadi ya kumfundisha Makarius kupika. Mtu aliyelipikia gengi la reli miaka ishirini na tisa, wanaume kumi na wanne waliotoka kupiga nyundo juani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulala na njaa. Baba yake aliletwa hapa na reli hiyohiyo kutoka Kigoma. Yeye amebaki na shamba la mahindi, mkewe Domina, na binti mmoja, Loveth, aliyeko Morogoro na mwenye majibu ya kila kitu kwenye simu.

Loveth ndiye aliyelinunua. Alikuwa ameshapiga simu tangu juzi yake.

"Shikamoo baba. Mama ana presha, na wewe mafuta unamimina tu. Humo kila kitu kimepimwa."

"Marahaba. Kimepimwa na nani?"

"Wataalamu, baba."

"Na Mzee Mwinshehe wamempimia?"

"Baba, huwezi kulisha mtaa mzima."

Huo mtaa mzima ulikuwa mtu mmoja. Mwinshehe, jirani yao, mwenyeji wa bonde hili tangu enzi za babu zake, alifiwa na mkewe mwaka jana, na tangu hapo jiko lake halikuwaka sawasawa. Kuja kuomba asingekuja, angekufa kwanza. Lakini njia ilikuwepo. Nyumba ya Makarius ni ya Kikristo, na kila kuku wa nyumba hiyo huchinjwa na Mwinshehe, ili yeyote atakayepita aweze kula. Na aliyechinja haondoki bila kula, hilo halina mjadala. Basi kila Jumapili, na siku nyingine kwa visingizio, Makarius alikamata kuku na kuita juu ya uzio, "Mzee mwenzangu, njoo na kisu." Mwinshehe alikuja kama mtu anayekuja kusaidia. Alichinja, akakaa, akala, na heshima yake ikabaki palepale.

Kuku wa boksi alikuja ameshachinjwa.

Yalikuwa mapaja mawili ya kuku wa kisasa, meupe, yamelegea ndani ya plastiki. Pembeni yake kulikuwa na nusu ya kitunguu. Makarius alikigeuza mkononi. Nusu. Nani alikula nusu nyingine? Punje mbili za kitunguu saumu zilikuwa na mfuko wao peke yao, chumvi ina wake, mchele una wake, na mchele wenyewe haukuwa na harufu hata kidogo, wakati chumbani kulikuwa na gunia la mchele wa Tindiga. Kadi ilimtaka apike kwa dakika ishirini na tano na afurahie safari ya mapishi. Makarius amebeba masufuria juu ya kiberenge cha reli mpaka Kidete, mvua inanyesha, wala hakuwahi kuiita kazi hiyo safari ya mapishi.

"Takataka," alisema.

"Mtoto katoa hela yake," alisema Domina. "Pika."

Akapika kwa dharau, akifuata kadi neno kwa neno ili aibu yote iwe ya kadi. Mafuta kijiko kimoja. Akakikung'uta kijiko mpaka tone la mwisho.

Saa saba na nusu wakasikia hodi. Alikuwa Mwinshehe, amevaa kofia yake ya kutokea, kisu kimezungushiwa kitambaa.

"Nimeona kimya," alisema. "Nikasema labda kuku amewasumbua kumkamata."

"Leo amekuja ameshachinjwa, mzee mwenzangu."

"Na nani?"

Makarius alichukua kadi, akasoma mbele, akasoma nyuma. Gramu zilikuwepo. Jina la bwana mapishi lilikuwepo, na picha yake anacheka.

"Hawakuandika."

"Haya," alisema Mwinshehe polepole. "Mimi hata hivyo nimeshiba."

Kila mtu Kilosa anajua kwamba "nimeshiba" ni neno la kuanzia tu. Mwenyeji hakubali. Anamshika mgeni mkono, anamwambia hata tonge moja, mgeni anakataa tena, halafu anakaa. Na bandani uani walikuwamo kuku sita wazima, na kisu kilikuwa mlangoni. Makarius aliyajua yote hayo. Alijua pia kwamba mezani pana mapaja mawili, na wao ni wawili, na tumbo lilikuwa linamuuma kwa njaa.

"Sawa, mzee mwenzangu," alisema. "Tutaonana."

Mwinshehe akaitikia, akageuka na kisu chake.

Domina hakugusa sahani. "Hukumshika hata mkono," alisema, akaenda kukaa nje.

Makarius alikula paja lake. Halafu, kwa kuwa la mkewe lilikuwa linapoa, akala na hilo. Alipomaliza alijidharau kuliko alivyolidharau boksi, na bado alikuwa na njaa.