Kufuli la Tano la Jikoni

Mume wangu ni fundi wa makufuli, na mtaa mzima unamwita hivyo hivyo, Fundi. Kibanda chake kiko kona, hatua chache tu kutoka kwetu. Ukipoteza funguo anakufungulia mlango kwa waya huku anakupigia soga. Mlango mmoja tu ndio unaomtoa jasho, nao ni wa jikoni kwetu.

Binti yetu alizaliwa hana nguvu hata ya kunyonya. Nilikamua maziwa nikamnywesha kwa kijiko, tone kwa tone, huku namwomba ameze. Jina la Kijiko likamganda tangu hapo. Alipofika miaka minne mambo yakageuka: alimaliza sahani yake, akamaliza ya baba yake, akaenda kuchokoa maganda kwenye pipa la taka. Mimi mjinga nikashangilia. Daktari ndiye aliyenizima furaha. Alisema kuna hitilafu ya vinasaba, ya nadra, amezaliwa nayo, na ubongo wake haupati habari kwamba tumbo limejaa. Tukimwachia, anaweza kula mpaka tumbo lipasuke.

Basi Fundi akatia kufuli jikoni. Wifi yangu akija ananisema: "Wifi, mtoto unamfungia chakula kama mfungwa?" Nimechoka kujieleza, nasonya tu. Anakula kwa saa zilizopangwa, na bado ananifuata chumba hadi chumba: "Mama, saa ngapi? Mama, bado?" Ufunguo nimeuvaa shingoni, naupapasa kila mara, hata nikiwa naoga.

Fundi naye, ili mikono ya mtoto isahau jikoni, akawa anakwenda naye kibandani na kumpa makufuli mabovu achezee. Nikamwambia, "Baba Kijiko, unajitafutia balaa." Akacheka. Haukupita mwaka, kufuli la kwanza likafunguliwa kwa kibanio changu cha nywele. La pili na la tatu hayakukawia. Mtoto mwenyewe ana miaka tisa.

Jumanne mchana nilikuwa uani naanika nguo. Kurudi ndani, mlango wa jikoni uko wazi, kufuli la nne halipo, na Kijiko hayupo. Roho ikanipaa. Sufuria ya maharage ilikuwa na mfuniko wake, ila mkate ulikuwa umemegwa. Nikakimbia kibandani miguu peku.

Alikuwa amesimama mbele ya baba yake, kufuli mkononi, makombo midomoni.

"Baba, na hili nimelifungua," alisema. "Nimekula mkate, halafu nikaogopa tumbo. Nitengenezee gumu."

Fundi akachukua kufuli jipya, zito, akalifungua na kuanza kupanga springi zake upya. Tupa ikamponyoka ikaanguka chini. Kijiko akaiokota, akampa, kisha akavuta kigoda akakaa ameelekea ukutani.

"Njoo uone," Fundi alimwambia kwa mazoea.

"Sitaki kuona. Ukimaliza uniambie."

Nililia pale pale mbele ya wateja, na sikuona haya. Yeye aliutazama ukuta mpaka kazi ikaisha, na kila baada ya dakika moja mbili aliniuliza, bila kugeuka, kama saa ya kula bado.